Kikapu cha Kahawa Apewe Joviness

Sogeeni, wanangu, na wewe Cleophace zima hiyo simu, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kusema jambo mara mbili, na sitaki mtu asimame kaburini kwangu aseme mama alitaka hivi na vile wakati mama mwenyewe alipokuwa akisema mlikuwa mnachezea simu.

Kibanja ni chenu wawili. Cleophace, chukua upande wa juu wenye mibuni. Joviness achukue migomba ya chini mpaka mferejini, na asije mtu na hadithi kwamba mtoto wa kike harithi, kwa sababu mgongo uliopalilia migomba ile ni wake. Chumba cha mbele kinachotazama barabara msikipangishe. Wakutanie humo Joviness na vijana wenzake, hao wewe Cleophace unaowaita polisi wa migomba.

Usigune. Guno lako nimelisikia miaka minne, nimechoka nalo kuliko ninavyouchoka ugonjwa huu.

Leo naisema habari ya Edith kama ilivyokuwa. Dada yenu alipofariki akaniachia wajukuu wawili, Edith na huyu Kyomukama, alikuja mwanamke aliyevaa vizuri, akajiita wifi wa marehemu kutoka Kaisho, akasema atampeleka Edith shule Mwanza. Nilimpa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu changu kidogo, kama mama yangu alivyonifundisha: aliyetafuna kahawa yako si mgeni tena, na kumhoji ni kumtukana. Joviness, ukiwa kidato cha nne, ukauliza, "Shule gani, shangazi? Tupe namba ya mwalimu." Nikakukemea mbele yake: "Funga mdomo wako, ameshatafuna kahawa yangu!" Mwanamke akacheka, akasema, "Mwacheni, watoto wa siku hizi wamesoma." Na wewe Cleophace ukambebea Edith begi mpaka barabarani.

Simu yake iliita siku mbili, kisha ikazimwa. Kaisho nzima hakuna anayemjua.

Mtoto wa miaka kumi na miwili nilimtoa kwa mkono wangu, kwa ajili ya adabu. Mimi, niliyesoma sekondari, ninayemhoji muuza mbegu mpaka anakasirika.

Joviness hakunilaumu, angenilaumu ningepumzika. Aliwakusanya wenzake, akawapata na waendesha bodaboda, wakakubaliana kwamba mtu mzima akija na mtoto asiye wake, pikipiki haiwashwi mpaka mzazi apigiwe simu na mwenyekiti wa kitongoji ajue. Mwaka jana Benjamin, mmoja wa hao wa bodaboda, alimzuia mwanamume mwenye watoto wawili wa hapa Nyabiyonza, na mama yao alikuwa shambani hana habari. Wewe Cleophace ukafanya nini? Ukaenda kumwomba yule mwanamume radhi, eti vijana wetu hawana heshima! Polisi walipofika wakamchukua, wewe ukajiondokea, na mpaka leo hujasema, "Nilikosea." Mimi nasema: nilikosea. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mtungi uliobaki unashikwa kwa mikono miwili.

Mtungi huo ni Kyomukama. Ana miaka minane. Watu watakuja kunizika, watakula, na siku ya kuondoa matanga mtu mwenye sauti tamu atasema, "Huyu mdogo nipeni, niwapunguzie mzigo." Si mzigo. Atabaki na Joviness. Hata akiwa ndugu yangu wa damu, hata akija na Biblia, aulizwe anakaa wapi na nani anamjua huko, na Benjamin aende akapaone kwa macho yake.

Kikapu cha kahawa... kipo juu ya kabati. Apewe Joviness. Asikifunue kwa mgeni anayetaka mtoto kabla maswali yake hayajajibiwa. Cleophace, utasimama nyuma ya dada yako. Itikia. Nataka kukusikia... Haya.

Nipeni maji.

Mungu awape macho, wanangu. Awape na ubishi. Mibuni yenu izae, na ulimi wako, Joviness, ule niliouzuia... Mungu aubariki.

Kitanda cha Edith msikitoe. Akirudi, hata akiwa mtu mzima, hata akija na... na chochote... yeye msimuulize kitu.

Mpeni kahawa kwanza.