Kirusi Kile Kile: Tunamkumbuka Bi Hind Zahran

Wasikilizaji wapendwa, alfajiri ya Alkhamis iliyopita, muuguzi Bi Hind Zahran alifariki dunia nyumbani kwake Mji Mkongwe. Alikuwa na miaka sitini na mitatu.

Wanawake wengi wa Unguja walimjua kwa utafiti ulioanza mwaka 1996, wa virusi vya shingo ya kizazi, vile vinavyoambukizwa kwa kujamiiana na vinavyoweza kuleta saratani. Mwanamke alipimwa, na baada ya mwaka akapimwa tena. Wengine hawakurudi.

"Mama akisikia mtu hakurudi, chai anaiacha mezani," anasema binti yake, Afra. "Anavaa buibui, anatoka."

Mwatum wa Jang'ombe alirudi. Mara zote mbili alikutwa na virusi vya aina moja. Akamwambia mumewe, Silima, aliyekuwa amekuja likizo kutoka Maskati.

"Mwaka mzima mimi sipo," Silima alisema. "Hicho cha pili umekitoa wapi?"

Akamrudisha kwao Makunduchi. Talaka hakutoa, lakini kila mtu aliingoja.

Bi Hind akamfuata huko huko. Mwatum mwenyewe anasimulia: "Aliniambia, 'Mwanangu, jina moja wanaitwa watu wengi. Virusi navyo ni hivyo. Vinaitwa aina moja, lakini ukivichungua ndani, koo zao mbalimbali. Sampuli zako zote mbili tunazo, maabara watazilinganisha.' Nkamuuliza, je, zikitofautiana? Akasema, 'Hata hivyo hatutakuhukumu. Huenda viliingia viwili zamani, kimoja kikajificha.' Nkamwambia, Silima hayo hatoyaelewa. Lakini linganisheni."

Ramadhani iliingia, ikaisha, ndipo majibu yakaja. Kirusi kilikuwa cha ukoo ule ule. Hakikuwa kipya, wasikilizaji. Kilikuwa kile kile cha mwanzo, hakikuondoka.

Kwa ruhusa ya Mwatum, na Mwatum mwenyewe akiwapo, Bi Hind alimweleza Silima.

"Basi nani kampa?"

"Kipimo hakisemi. Kirusi kinaweza kukaa mwilini miaka, kimya."

"Huenda mimi?"

"Huenda, mwanangu. Lakini silo lililonileta. Kinachong'ang'ania ndicho kinachoharibu. Mkeo atibiwe sasa."

Silima akatoka kutafuta gari. Mwatum alilipanda, ila alikaa nyuma, na Bi Hind. Hospitali walikuta sehemu iliyoanza kuharibika, wakaitoa kabla haijawa saratani. Kwa mumewe hakurudi mpaka Silima alipokuja kumwomba radhi mbele ya mama mzazi wa Mwatum.

Leo Mwatum ni mzima. Alikuwamo miongoni mwa wanawake waliomwosha Bi Hind.

"Kila aliponipima alinifunika vizuri, nisione haya," anasema. "Alkhamis nkamfunika mimi."

Afra, na jamaa wote wa marehemu, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Hind.

Nasi tuliobaki tujitafakari. Mwanamke akirudi nyumbani na majibu ya kutisha, swali letu la kwanza liwe matibabu ni lini, na nani atamsindikiza.