Bega la Mgema Nzai

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Sogezeni viti, na anayekaanga samaki apunguze moto kidogo, maana leo nayataka masikio yenu yote. Leo tunamkumbuka Nzai wa Kambi, mgema wa upande wa Sabaki, kule ng'ambo ya daraja ukitoka Malindi. Nzai alianguka kutoka mnazini mwaka jana, 1985. Alianguka asubuhi, akafariki kabla ya adhuhuri.

Kwanza niseme jambo, na atakayekasirika na akasirike. Nzai hakulogwa. Wala hakuwa amelewa. Maneno hayo nimeyasikia sokoni, nimeyasikia hata matangani kwake, na yamenichosha. Nzai aliponzwa na bega lililokuwa karibu kupona. Nisikilizeni.

Ninyi mliotoka bara huenda kazi hii hamuijui. Mgema huukwea mnazi asubuhi, mchana na jioni. Hulikata kidogo kole, lile ua changa la mnazi, na tembo hudondoka kibuyuni. Asipokwea, kole hukauka. Nzai aliifanya kazi hiyo tangu ujana wake.

Mwaka 1984 mguu ulimteleza akiwa juu. Akaning'inia kwa mkono wa kulia. Siku ile hakuanguka, lakini bega liliumia, likawa linamnyima usingizi. Majirani wakamwambia kiungo kinachouma hupumzishwa. Basi akaufunga mkono kwa leso shingoni, akakaa nao hivyo miezi mizima. Alipoufungua, bega lilikuwa limekakamaa. Mkono haukufika hata kichwani.

Mjane wake, Mama Mbeyu, aliniambia hivi: "Nilikuwa namvisha shati kama mtoto. Akigeuza uso ukutani nisimwone. Mtu aliyekuwa akikwea minazi, leo kujikuna mgongo hawezi."

Minazi yake akaishika Kitsao, jirani yake na mgema mwenzake. Hapo Nzai angeweza kutulia, angekaa chini apumzike. Lakini mwanawe, Karisa, kibarua wa chumvi kule Gongoni, alikuwa amepata mchumba, binti wa Mzee Menza. Na kwao posa haiendi mikono mitupu. Baba wa kijana hupeleka tembo kwa baba wa msichana. Nzai akaapa kwamba tembo hilo ataligema mwenyewe, kwa mkono wake.

Kitsao alimwambia, "Kaka, mimi si nipo? Nitakugemea."

"La," akajibu Nzai. "Mgema mzima nipeleke tembo la mkono wa mwingine? Watanicheka mpaka kaburini."

Neno hilo likumbukeni, wasikilizaji wapendwa.

Karisa akampeleka babake hospitali mjini Malindi. Huko alikuwako Mumbua, binti wa Kikamba, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Watu walimwita daktari wa mikono. Mumbua aliulizia habari za ile leso, akatikisa kichwa.

"Nani alikuambia uufunge, mzee?"

"Mwanangu, si unauma?"

"Bega ukilifunga, baba, nalo linakufunga."

Mazoezi yakaanza. Nzai aliinama, mkono uning'inie, auzungushe polepole. Alipitisha kamba juu ya boriti ya nyumba, mkono mzima ukivuta, ule mgonjwa ukipanda. Kisha alisimama mbele ya ukuta, vidole vikitambaa kwenda juu kama kaa. Na kila Ijumaa Mama Mbeyu alichora mstari wa makaa pale vidole vilipokoma. Nimeuona ukuta huo. Mstari wa kwanza uko chini ya kifua. Jamani, yalimuuma mazoezi hayo! Alilia. Nasema alilia, na si aibu. Lakini mistari ikapanda, ikapita bega, ikapita kichwa, ikapita kizingiti cha juu cha mlango.

Basi kijiji kizima kikaja kuutazama ukuta. "Nzai amepona! Tazama mkono huo!" Vigelegele, makofi. Wahenga walisema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Huyu wetu hakutia maji. Yeye alisifiwa mkono, akauamini.

Mumbua alikuwa amemwonya. Alimwambia mbele ya mkewe: "Mzee, mkono kufika juu ni jambo moja. Kukubeba ni jambo jingine. Bado hauna nguvu. Usikwee mpaka nikuruhusu."

Njiani Nzai alicheka. "Mama Mbeyu, huyu binti ni wa bara, mnazi ataujulia wapi? Mkono ukifika, umefika."

Hapo ndipo alipokosea. Kwa mgema, mkono unaofika juu ni mkono wa kukwea. Ndivyo alivyoujua mkono wake maisha yake yote.

Ijumaa jioni, kesho yake ikiwa siku ya posa, alikwea mbele ya majirani. Akakata kole, akafunga kibuyu, akashuka salama. Wakamshangilia mno. Usiku bega likamwaka moto, mkewe akamsikia akigeukageuka kitandani. Asubuhi akarudi kulichukua tembo lake.

Mama Mbeyu alikuwa anatoka kisimani. "Nilimwona yuko juu, karibu na makuti. Niliogopa kumwita, asije akashtuka. Nikasimama pale pale na maji kichwani. Nikaona mkono wa kulia unaachia."

Kibuyu hakukifikia. Kitsao ndiye aliyekwea baadaye, akakishusha kimejaa. Siku ya mazishi alikuja nacho, akawa hajui akipeleke wapi. Wazee wakaamua tembo limwagwe kaburini. Likamwagwa lote.

Mzee Menza, baba wa yule binti, alikuwa amesimama pale. Akavua kofia, akasema: "Mniwie radhi. Tembo hili lilikuwa langu. Aliligema mwenyewe, kama alivyoapa. Nimelipokea. Karisa, baada ya matanga njoo umchukue mkeo."

Hakuna ambaye hakulia. Mumbua naye alikuwapo. Alisimama mbele ya ule ukuta, kidole juu ya mstari wa mwisho, akaniambia, "Nilikuwa nimefika kumfundisha kuinua. Kubeba kulikuwa bado."

Wasikilizaji wapendwa, Karisa ameoa. Ukuta haujapakwa udongo mpya, Mama Mbeyu hataki. Kwako Mama Mbeyu, kwako Karisa na mkeo, kwa ndugu na wagema wote wa Sabaki, poleni sana. Mungu amlaze pema Nzai wa Kambi.

Nawe unayenisikiliza na mkono umeufunga leso, ifungue, nenda hospitali. Nawe uliyekwishaanza mazoezi, yamalize, hata kijiji kizima kikikupigia makofi.

Nilipokuwa naaga nilimuuliza Mama Mbeyu kama tembo la kugemewa na Kitsao lingekuwa aibu kubwa kiasi hicho. Aliutazama mnazi ule, uko pale pale uani.

"Tungechekwa," akasema. "Tungechekwa siku mbili tatu, basi. Kuchekwa hakumvunji mtu shingo."