Bi Mashaka na Maziwa Yaliyogoma Kuganda

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutengeneza jibini, mkuu wa chumba cha kugandishia anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Wote hapa kiwandani tunamwita Bi Mashaka, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Tangu alipoanza kama mwosha mitungi hakuamini lebo wala saa ya ukutani, na chai ya kukaribishwa aliinusa kwanza.

Wakongwe wanaukumbuka mwaka ule maziwa yalipogoma kuganda. Tulitia kimeng'enya, tukangoja, yakabaki majimaji vilevile. Minong'ono ikaanza, macho yote yakamgeukia mtunza stoo, mwenye ufunguo wa rafu ya vimeng'enya. Aliyemshuku kuliko wote ni Bi Mashaka, ingawa mwanamume huyo ni mume wa mdogo wake.

"Shemeji, umetia nini kwenye hizi chupa?" alimuuliza mbele yetu.

"Hata kizibo sijagusa, shemeji," akajibu.

Meneja akamsimamisha kazi. Mdogo mtu akaacha kupokea simu za dada yake.

Lakini maziwa yaliendelea kugoma, na mshukiwa yuko nyumbani. Bi Mashaka akahamishia shaka zake kwingine. Akapima joto la maziwa, akapima uchachu wake, vyote sawa. Akaingia stoo, akaegemea ukuta wenye rafu ya vimeng'enya, akaruka: ulikuwa wa moto! Nyuma yake palikuwa pamefungwa boila jipya la kuchemshia maji.

Akachukua chupa moja ya rafuni na nyingine iliyotoka moja kwa moja kwenye gari la baridi, akazijaribu kwenye maziwa yaleyale. Ya gari iliyagandisha hadi yakakatika kwa kisu. Ya rafuni, wapi! Kimeng'enya kikiwa kwenye baridi hupooza tu, kikipata uvuguvugu huchapa kazi. Kikizidiwa na joto, umbo lake huharibika na hakifufuki.

Jioni hiyo alibisha hodi kwa shemeji yake.

"Umekuja kunipekua?"

"Nimekuja kuomba radhi."

Mtunza stoo alirudi kazini na chupa zikahamia kwenye friji. Ila kwa muda mrefu kila chupa aliifungua mbele ya macho ya Bi Mashaka. Hilo lilimuuma mama wa watu kuliko karipio lolote.

Siku ya kuagana, shemeji huyo ndiye atakayemkabidhi zawadi, ameomba mwenyewe. Bi Mashaka ameshatuuliza ana nia gani.

Ahsante, dada yetu, kwa jibini na kwa kutuweka macho. Tunakuombea afya tele na usingizi usio na wasiwasi.