Albamu Iliyodhaniwa Imeisha Betri

Bwana asifiwe! Asifiwe na wenyeji wa Busia, asifiwe na ninyi mliovuka mpaka asubuhi hii kutoka ng'ambo! Mimi ni Ndugu Wafula, fundi wa friji, mwenye diploma kutoka Norwe. Diploma hiyo hakuna mjomba aliyenisaidia kuipata. Niliosha sahani za watu, nikasoma, nikarudi nyumbani na cheti, gitaa la umeme na spika nzito ambayo wapagazi wa mpakani waliikataa. Niliibeba mwenyewe!

Kule Norwe baridi hukaa ndani ya mifupa, na vijana wa huko hupiga muziki unaofanana nayo. Wenyewe huuita doom metal. Ni rock, lakini rock inayotembea kama ng'ombe mgonjwa: gitaa zito, ngoma moja moja, na mwimbaji anayeunguruma kutoka tumboni. Wimbo mmoja unatosha kuivisha maharagwe. Nilipousikia nililia. Nikasema, muziki huu umekosa kitu kimoja tu, neno la Mungu. Nitaupeleka Busia, na maneno nitayachukua kwa nabii Yeremia, ambaye kwa kulia hakuna aliyemshinda.

Nikaunda bendi, nikaiita Maombolezo. Gitaa na sauti vilikuwa vyangu. Besi alipiga Wandera, mwendesha boda boda wa Bukhayo. Ngoma alipiga Ekisa, kijana wa Angurai aliyezoea ngoma za kanisani. Ndugu zangu, Ekisa alinitesa! Nikimwambia polepole, anaanza polepole, kisha mikono inamponyoka na ghafla tuko kwenye mkutano wa injili. Mwishowe nikamfundisha hivi: piga, meza mate, mkumbuke marehemu mmoja wa ukoo wenu, ndipo upige tena. Akaelewa. Ana ukoo mkubwa.

Tulirekodi Amukura, katika chumba nyuma ya mashine ya kusaga mahindi. Umeme ulikuwa hapo tu, na mwenye mashine aliuwasha kukiwa na mahindi tu. Kwa hiyo wimbo ulianza gunia likianza, ukaisha gunia likiisha. Mngurumo wa mashine uliingia kwenye kaseti, nami nikauacha, maana Wazungu hununua vyombo vya bei kali kupata sauti ile! Kina mama walichungulia dirishani, unga kwenye nyusi.

"Huyo analia nini?"

"Halii, anarekodi."

"Pole yake."

Kaseti ilipotoka nikaipeleka kwa Bwana Salim, muuza kaseti mjini Busia. Akaiweka, akasikiliza kidogo, akaitoa, akabadilisha betri, akaiweka tena. "Boss," akasema, "redio yangu imekufa."

Ndugu zangu, mji mzima ulisema hivyo hivyo! Mnajua betri zikichoka kaseti hujikokota na sauti huwa nene. Basi kila aliyenunua albamu yangu aliamini betri zake zimechoka. Mabati ya Busia yalijaa betri zilizoanikwa juani. Watu walizigeuza kama mihogo, wakazirudisha kwenye redio, wakakuta bado naunguruma vile vile, wakanirudishia kaseti.

Hayo ningeyavumilia. Lakini nilikuwa nimeposa! Mchumba wangu alikuwa Nabwire, binti ya Mzee Barasa, mfanyabiashara wa ndizi na mzee wa kanisa hili. Nilimpelekea mzee kaseti ya zawadi. Akanunua betri mpya, hazikusaidia. Akapeleka redio kwa fundi, na fundi akaweza kuifungua tu, kuifunga akashindwa. Redio ambayo mzee alisikilizia matangazo ya vifo! Binamu yake akazikwa huko Bungoma, yeye yuko nyumbani anakunywa uji.

Akaniita.

"Kijana, wewe ulienda Ulaya kusoma friji ama kusoma kunguruma?"

"Yote mawili, mzee."

"Sasa sikiza. Siku mtu mzima mwenye akili zake atasikiliza hiyo kitu mpaka mwisho bila kulazimishwa, njoo tuongee harusi. Kabla ya hiyo siku nisione kivuli chako kwa boma yangu."

"Baba, mimi nimesikiliza yote," akasema Nabwire.

"Wewe unampenda. Akili hauna."

Nikafunga na kuomba. Sikumwomba Mungu anibadilishie muziki, maana muziki haukuwa na kosa lolote. Niliomba masikio.

Na Mungu akajibu kupitia diploma! Niliitwa Malaba. Lori la samaki lilikuwa limekwama kwenye foleni ya mpaka, friji yake imekufa. Mnaijua foleni ile: dereva hukaa mpaka anajua majina ya watoto wa mama wa chapati. Nikapanda na spana zangu, nikamwomba dereva aniwekee kaseti yangu niisikilize nikifanya kazi. Alikuwa mtu wa Mombasa, jina lake Athumani. Nikangoja aseme habari ya betri. Hakusema. Aliegemea usukani, kisha akaniita.

"Fundi, nyimbo zangu zote zinaniambia nikimbie. Nikimbie wapi? Mbele lori, nyuma lori. Huyu ndiye wa kwanza anayejua kwamba niko Malaba."

Haleluya! Akaongeza sauti. Madereva wengine wakateremka, wakaketi kivulini mwa magurudumu, vichwa chini, wanasikiliza.

Ndipo akatokea Mzee Barasa. Ndizi zake zilikuwa zikiivia ndani ya lori nyuma yetu, naye amekuja kumfokea dereva wake. Akamkuta ameketi na wenzake, macho yamefumbwa.

"Nani amekufa?" mzee akauliza.

"Hakuna, mzee. Keti."

Akaniona juu ya lori. Nikaanza kukusanya spana zangu. Lakini akavuta mtungi wa plastiki, akaukalia. Mashine ya Amukura ikanguruma, nami nikanguruma, Ekisa akapiga. Nikaona kiatu cha mzee kinainuka. Kikangoja. Kikashuka pamoja na ngoma! Wandera, mpiga besi wangu, alihitaji mwezi mzima kufika hapo!

Wimbo wa mwisho wa upande ule ukaisha. Nikateremka, nikakunja mikono kwa heshima. "Mzee, kuhusu yule mtu mzima mwenye akili zake..."

Akaniinulia kiganja ninyamaze. Akamgeukia Athumani.

"Dereva, hiyo kitu haijafika mwisho. Geuza upande wa pili."

Namshukuru Mungu! Kaseti zangu zilivuka Malaba na madereva wale zikafika Kampala, na hakuna hata moja iliyorudishwa. Nabwire, mama watoto, simama wakuone. Baba mkwe, punga mkono, usione haya. Na wewe uliyekaa nyuma pale, ambaye kazi ya mikono yako imechekwa mtaa mzima, mtegemee Bwana. Masikio ya kukusikiliza anayo tayari, pengine yako kwenye foleni. Mwamini, na usiongeze mwendo kwa ajili ya wanaocheka.