Kitufe Kilicho Nyuma ya Picha Yako

Mgeni rasmi, tulipoingia uliangalia simu. Tulipotajwa ukaangalia dari. Barua zetu tatu ulizipokea, nakala zenye muhuri wa ofisi yako tunazo. Basi leo tunakusomea ana kwa ana, usije ukasema hukuambiwa.

KARIBU

Karibu chumba cha upimaji: meza nne, feni moja yenye kwikwi, na sisi kumi na mmoja. Kazi yetu ni kuupima mfumo wa miadi ya hospitali kabla wagonjwa hawajautegemea.

TULIKOTOKA

Tulianza na kipimo kimoja. Programu inajifanya watu elfu nane, inatuma maombi ya miadi moja kwa moja kwa seva, ile kompyuta kuu inayoendesha mfumo, inahesabu muda hadi ijibiwe. Hakuna ukurasa unaofunguka popote.

MAFANIKIO

Seva ilijibu kwa nusu sekunde. Ripoti ikawa kijani mwanzo mwisho, mkurugenzi akaitia fremu. Ile pale nyuma yako. Geuka tu, hiyo hukatazwi kuitazama.

CHANGAMOTO

Mwenzetu mmoja tunamwita Dada Saa, maana hapimi kitu bila kutazama saa yake ya mkononi. Yeye hakuridhika. Alitaka ukurasa wenyewe ufunguliwe kwenye kivinjari, kama mgonjwa auonavyo, huku wale elfu nane wa bandia wakiendelea kuielemea seva.

"Kivinjari nilishafungua mimi," mkurugenzi alimwambia. "Sekunde mbili!"

"Ulikuwa peke yako, bosi."

"Na elfu nane je? Nusu sekunde!"

"Hao hawana macho, bosi. Hawasubiri kitufe."

Chumba kizima kiliangua kicheko. Na sisi tulicheka, hatufichi.

Dada Saa akajaribu mwenyewe, sisi wenzake tukiwa tumeenda kula. Akawaachilia wale elfu nane wa bandia, akafungua kivinjari, akaikodolea saa macho. Juu ya ukurasa ikaanza kushuka picha yako, mgeni rasmi, kubwa kuliko maandishi yote. Paji la uso. Nyusi. Ikakwama hapo. Kitufe cha "Thibitisha" kilitengenezwa kisubiri picha imalizike, na kikatokea sekunde ya sabini na moja. Alidhani saa imekufa. Akaitikisa, akaiweka sikioni. Akarudia: sabini na nne.

Alipotuita tuone, hakuna aliyecheka. Miaka mitatu tunapima, na programu yetu haikuwahi hata mara moja kuomba picha! Seva ilikuwa inajibu, mtu haoni kitu.

Akapeleka matokeo kwa mkurugenzi. Akajibiwa kwamba picha ya mgeni rasmi haiguswi.

Mfumo ukafunguliwa kituo kimoja, na asubuhi ile ile maelfu wakauvamia kwa simu zao. Mama mdogo wa Dada Saa, anayesafishwa damu kwa mashine ya figo mara tatu kwa wiki, alikuwa wa kwanza kwenye kompyuta ya mapokezi. Akasubiri mbele ya nyusi zako. "Imeganda hiyo, mama, funga ufungue upya," mhudumu akamwambia. Akafunga, akafungua, mara sita. Nafasi zikaisha. Siku tano hakugusa mashine. Sasa yuko wodini, miguu imevimba hata ndala haziingii, na kila Dada Saa akienda kumwona anaulizwa swali lile lile: "Mwanangu, nilibonyeza wapi vibaya?"

Wewe ungemjibuje?

MAOMBI

Umekuja kuufungua kwa vituo arobaini. Kwa vituo arobaini, na picha ile ile! Bado hatuamini.

Tunaomba picha iondolewe. Tunaomba vipimo viwili viende pamoja, umati wa bandia kwenye seva na kivinjari kilicho wazi mbele ya macho ya mtu, na kisifunguliwe chochote kwa ripoti ya kimoja tu.

Mungu akujalie afya, wewe na wa nyumbani kwako, na figo zisizohitaji miadi.

Ni sisi, Wapimaji wa Mfumo wa Miadi.

Utepe usiukate. Dada Saa ameshawaachilia elfu nane wake tangu tulipoanza kusoma, na kompyuta ni hiyo iliyo mbele yako. Weka mkasi chini. Fungua ukurasa, ukitafute kitufe, sasa hivi. Saa tunaitazama sisi.