Kinanda cha Jua cha Ezekiel Simiyu Nalianya

Wapendwa, kabla gari halijaondoka kumpeleka nyumbani kwa wazee wake, familia imeniomba niwasomee maisha ya shemeji yangu, Ezekiel Simiyu Nalianya, nami Mbuthia, kaka wa mjane, nimekubali kwa sharti moja tu, kwamba mtu asinikataze kucheka, kwa sababu huyu tunayemsindikiza hakuwahi kunisalimia bila utani.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Januari 1948, Kamukuywa, wilayani Bungoma, akiwa mtoto wa tano wa Mzee Nalianya na Mama Nabalayo, na kwa kuwa alikuja katikati ya kiangazi akaitwa Simiyu, kama ilivyo desturi ya Wabukusu. Alisoma huko huko nyumbani hadi kidato cha nne, akaja Nairobi mwaka wa 1968 kusomea ufundi wa umeme, na mwezi wa Machi 1972 akaajiriwa kuwa fundi wa maabara ya fizikia katika chuo kikuu, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka jana.

Tarehe 18 Desemba 1976 alimwoa dada yangu Wacuka, muuzaji wa nyuzi na vitambaa Gikomba, wakapanga nyumba hapa Ziwani, na Mungu akawajalia Asenath mwaka wa 1978 na Nalianya mwaka wa 1982.

Sasa nifike pale mnapopangoja. Mwezi wa Mei 1995, Daktari Wachira, mwalimu aliyefanya naye kazi miaka mingi, alimpa karatasi ya sola, nyembamba, inayokunjika kama mkeka, wajaribu kuiongezea nguvu, maana aina hiyo ilikuwa ikianza vizuri kisha inalegea, na kwa kuwa kanisa letu hili la mabati halijafikiwa na stima, Simiyu akaitandika juu ya paa la stoo, kwenye fremu ya mbao ili ipate hewa, akaiunganisha na betri ya kinanda. Majuma ya kwanza tuliimba mpaka tukasahau chakula, lakini kufikia Septemba kinanda kilikuwa kikikata roho wakati wa sadaka, wimbo wa mwisho tunauimba kwa midomo mitupu, na vijana wa Majengo wakaanza kusema eti mzee ameuziwa hewa. Kamati ya kanisa ikaamua kwamba Pasaka ikifika kinanda hakijamaliza ibada, sola ishushwe na jenereta inunuliwe, na wanaomjua Simiyu wanajua kwamba uamuzi huo ulimwuma kuliko jino.

Mwezi wa Januari 1996 akapanda ngazi siku ya Jumatano, bila kumwambia mtu, akakuta sola yake imevishwa kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua pembeni. Dada yangu na akina mama wa kanisa walikuwa wakiifunika kila Jumapili baada ya ibada na kuifunua Jumapili iliyofuata, tangu juma la kwanza, kwani ni nani kati yetu anayeacha redio au kochi bila kitambaa, sembuse kitu cha thamani kama hicho, na katika vumbi hili? Simiyu alishuka amenuna, akafika chini akiwa anacheka hadi machozi.

Hata hivyo kitambaa kilipoondolewa kinanda bado kilizima mapema, na hapo ndipo akili yake ilipofanya kazi, kwa sababu kitambaa kilikuwa kifupi, kiliifunika nusu moja tu, na alipopima akakuta nusu iliyofunikwa ina nguvu kama mpya, ile ya wazi ndiyo imechoka. Akaelewa kwamba mwanga wenyewe ndio unaoichosha karatasi ile ikiwa changa. Yeye na Daktari Wachira wakajaribu kupasha moto kwenye maabara kipande cha karatasi kama hiyo iliyochoka, kikapata nafuu, basi akarudi hapa, akaing'oa fremu yote, akailaza sola juu ya mabati yenyewe, ibaki na joto mchana kutwa, ingawa wengi tulidhani anaiua. Nguvu ilirudi, si yote, lakini ya kutosha. Pasaka ya tarehe 7 Aprili 1996 kinanda kilifika wimbo wa mwisho na kuupita, tukaimba nyimbo nyingine tatu, na shemeji yangu alicheza, jamani, mtu asiyejua kucheza.

Mwezi wa Juni mwaka huu, 1999, aliugua moyo, akalazwa, na tarehe 9 Novemba, saa nne asubuhi, akatutoka, Wacuka akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa maabara, majirani wa Ziwani mliopika na kukesha nasi, na akina mama wa kanisa. Kitambaa mnachokiona juu ya jeneza ndicho kile kile, wamekifua na kukiongezea urefu, kwa maana kitu cha thamani hakiachwi wazi, na safari hii hatakitoa.

Kipaza sauti hiki nilichosomea kinatumia sola yake, na betri bado ina nguvu. Simiyu, shemeji yangu, pumzika kwa amani, nasi tusimame tuimbe, mpaka ubeti wa mwisho.