Mfuniko Ulioliwa na Mchwa

Mgeni rasmi, Bwana Jaji, shikamoo. Nawe Bwana Mwendesha Mashtaka uliyeketi kiti cha pili, shikamoo vilevile. Leo tunakuomba usituage mapema.

KARIBU USINGE
Pole, Bwana Jaji, kwa barabara ya kutoka Tabora. Karibu asali. Bakuli lako tumeliweka juu ya kibao cheusi, tutakieleza.

DESTURI YETU
Tangu enzi za misafara, mrina asali huchoma alama ya ukoo wake kwenye mfuniko wa mzinga. Msitu hauna kufuli, lakini mfuniko ukishaonekana, ubishi umekwisha.

MAFANIKIO
Mwendesha mashtaka wetu tangu aje hajashindwa kesi hata moja, na amenawiri. Kuna mbuzi wa wizi aliyewekwa kwake kama ushahidi, kabla ya Pasaka, hatukumwona tena, ingawa harufu ya mchuzi ilitufikia.

MATATIZO
Mwezi wa tano mwenzetu Dionis alishtakiwa kwamba amerina mzinga wa jirani yake Kasimiri. Akasema, "Mzinga ni wangu, tazameni mfuniko." Mwendesha mashtaka akamwambia hakimu kuwa mfuniko aliokabidhiwa autunze umeliwa na mchwa. Dionis akafungwa miezi tisa. Mkewe, Apolinaria, akarudi nyumbani na ugali aliombebea, haujaguswa. Iliuma sana.

Juzi mama huyo alipeleka mayai jikoni kwa Bwana Mwendesha Mashtaka, akaomba maji ya kunywa. Mtungi ulikuwa umefunikwa kwa mfuniko wa mzinga, wenye mistari mitatu na msalaba, alama ya ukoo wa Dionis. Mchwa hawakuonja hata ukingo. Akanywa, akashukuru, akautia mfuniko ndani ya kapu lake. Kesho yake alipeleka sinia jipya la kufunikia mtungi, asije akaitwa mwizi. Tulipomwonya kuhusu jela alisema, "Wakinifunga, si nitakuwa karibu na mume wangu?"

MAOMBI
Dionis atolewe, msimu wa kurina haujaisha. Mwendesha mashtaka anayeficha ushahidi naye asimame pale aliposimama Dionis, bila kofia. Na wachunguzi wasiwe wenzake wa meza moja, maana kesi ya ngedere haipelekwi kwa nyani.

Mungu akulinde njiani, Bwana Jaji, akupe na moyo wa kutuamini. Asali ikikutosha, inua bakuli ukitazame kibao. Hatuna haraka. Apolinaria ameshafua shati la mumewe, amelileta hapa.

Ni sisi,
Warina Asali wa Usinge,
Julai 1954